Moshi wa Vyombo vya Moto: Sheria Inasema Nini na Mwananchi wa Mkula Afanye Nini

Msimu wa pamba unapofika, barabara ya Lamadi hadi Bariadi hubadilika sura. Fuso zilizosheheni marobota hupishana na mabasi, Noah, michomoko, bajaji na bodaboda, na kando yao hutembea wanafunzi waendao shule na akina mama waendao sokoni au kliniki. Katika msongamano huo hutokea jambo ambalo wengi wamelizoea: lori likianza kuondoka, bomba lake hutoa wingu jeusi, na walio kando hufunika pua kwa kanga au kwa kiganja, wakasubiri lipite.

Mazoea hayo ndiyo yanayofanya suala hili lisizungumzwe sana katika mikutano ya vijiji. Maji yakichafuka, wananchi hulalamika siku hiyo hiyo. Hewa ikichafuka, husemwa kwamba ndiyo maendeleo. Hata hivyo, sheria za Tanzania hazichukulii moshi wa magari kuwa jambo la kuvumiliwa tu. Zipo sheria, kanuni na viwango vinavyoudhibiti, na vipo vyombo vya Serikali vilivyopewa kazi ya kuvisimamia. Makala haya yanaeleza udhibiti huo unavyofanya kazi, mahali unapopwaya, na nafasi ya mkazi wa kata katika kuukamilisha.

Kilichomo ndani ya moshi

Injini huchoma mafuta ili kupata nguvu. Kama uchomaji ungekuwa kamili, bomba lingetoa hewa ya ukaa na mvuke wa maji, basi. Lakini hakuna injini inayochoma mafuta kikamilifu, na mabaki yake ndiyo yanayoleta madhara. Miongoni mwake ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoizuia damu kubeba oksijeni. Zipo pia oksidi za naitrojeni zinazowasha njia ya hewa, na gesi ya salfa itokanayo na salfa iliyomo ndani ya mafuta yenyewe. Kisha yako masizi, yaani chembe nyeusi ambazo hutoka zaidi katika injini za dizeli.

Chembe zinazowatia hofu zaidi wataalamu wa afya ni zile zisizoonekana kwa macho, zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mpana kuliko chembe hizo kwa zaidi ya mara ishirini. Kwa udogo huo, hazinaswi puani wala kooni. Huingia hadi mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya hadi kwenye damu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango lilichokuwa likishauri kwa chembe hizo, kutoka wastani wa mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka.

Wanaoumia zaidi si wale wanaosafiri kwa mwendo wa kasi na madirisha yamefungwa. Ni mtoto, ambaye kwa uzito wa mwili wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima na ambaye pua yake iko karibu na kimo cha bomba la gari. Ni mjamzito, ni mzee mwenye moyo dhaifu, na ni mwenye pumu. Tena ni wale ambao ofisi yao ni barabara yenyewe: mwendesha bodaboda anayesubiri abiria kituoni, mama muuza matunda, na fundi wa gereji.

Haki ya hewa safi

Msingi wa udhibiti wote ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 6 kinamwekea kila mtu wajibu wa kuyalinda mazingira hayo. Kwa hiyo haki na wajibu vimewekwa pamoja: anayevuta moshi ana haki, na anayeutoa ana wajibu, na mara nyingi huyo ni mtu mmoja kwa nyakati mbili tofauti.

Haki hiyo haikuanza mwaka 2004. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa Tabata jijini Dar es Salaam walilipeleka mahakamani Jiji lao kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaletea moshi na harufu. Jiji liliomba mara kadhaa kuongezewa muda wa kuendelea kulitumia. Mwaka 1991, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikataa ombi hilo na kueleza kwamba kuhatarisha afya za watu kwa uchafuzi ni kwenda kinyume na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Shauri hilo lilihusu dampo, si magari. Lakini lilithibitisha kwamba mwananchi wa kawaida anayevutishwa moshi ana mahali pa kusimama mbele ya sheria, na kwamba hata mamlaka ya umma inaweza kuwajibishwa.

Chini ya Sheria ya mwaka 2004 zilitungwa Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Kanuni hizo zinaweka mipaka ya uchafuzi unaoruhusiwa hewani, na zinagusa viwanda pamoja na vyombo vya moto. Sambamba nazo, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina kiwango cha taifa kinachohusu moshi utokao kwenye mabomba ya magari. Msimamizi mkuu wa Sheria ya Mazingira ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo lina ofisi ya kanda jijini Mwanza.

Milango mitatu ya udhibiti

Serikali haiwezi kumweka mkaguzi nyuma ya kila bomba la moshi. Kwa sababu hiyo udhibiti umewekwa katika milango mitatu: mafuta yanayoingia nchini, gari linaloingia nchini, na gari linapokuwa barabarani.

Mlango wa kwanza ni mafuta, na hapa ndipo mafanikio makubwa zaidi yamepatikana, ingawa yalikuja kimya kimya. Kwa miaka mingi petroli iliongezwa risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi ikaingia katika damu za watoto na kudhoofisha ukuaji wa akili zao. Mwezi Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar, Senegal, kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 ukanda huo wote ulikuwa umeacha kuuza petroli yenye risasi. Kijana wa Mkula aliyezaliwa baada ya hapo amekua bila sumu hiyo ya barabarani, pengine bila kujua kwamba iliwahi kuwapo.

Hatua iliyofuata ilihusu dizeli. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha pamoja kinachotaka salfa ndani ya dizeli isizidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja, yaani miligramu 50 katika kilo moja. Viwango vya awali viliruhusu salfa mara nyingi zaidi. Faida yake si kupungua kwa gesi ya salfa peke yake. Salfa huharibu vifaa vya kusafisha moshi vinavyofungwa kwenye magari ya kisasa, hivyo gari bora likitiwa mafuta yenye salfa nyingi hugeuka kuwa gari baya. Ilibidi mafuta yasafishwe kwanza ndipo gari safi liwe na maana.

Mafuta yanayoshuka bandarini yakiwa safi yanaweza kuchafuliwa njiani. Uchakachuaji, hasa wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ulikuwa tatizo kubwa kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, ili mkaguzi akipima sampuli ya kituoni ajue kama yamechanganywa au yalikwepa kodi. Katika bajeti ya 2011/12, Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchakachua. Hatua hiyo ilikuwa na gharama yake: kaya za vijijini zilizotegemea koroboi na jiko la mafuta ya taa zililipa zaidi ili injini za nchi nzima zisiharibiwe.

Mlango wa pili ni gari linapoingia nchini. Magari mengi yanayonunuliwa Tanzania yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani. Yanatakiwa kukidhi kiwango cha TBS kinachohusu ubora wa magari yaliyotumika kabla ya kusajiliwa. Zaidi ya hapo, Tanzania imechagua kuutoza umri wa gari badala ya kuupiga marufuku. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari dogo lenye umri wa miaka minane hadi kumi tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Majirani wamechukua njia nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda, tangu mwaka 2018, hairuhusu lililozidi miaka 15.

Kila njia ina mantiki yake. Marufuku hulinda hewa haraka zaidi, lakini hupandisha bei ya usafiri kwa wasio na uwezo. Ushuru humwachia mnunuzi uamuzi, lakini gari kuukuu likishalipiwa huendelea kutembea kwa miaka mingine kumi au ishirini. Wakazi wa maeneo kama Simiyu wanapaswa kulielewa hilo vyema, kwa sababu magari mengi huanza kazi Dar es Salaam, yakahamia Mwanza, na yanapochoka ndipo huletwa kwenye njia za wilayani. Gari linapofika hapa, mlango wa pili umekwisha kufungwa siku nyingi.

Hapa kuna jambo la kumsaidia mnunuzi. Herufi za namba ya usajili huonyesha gari limesajiliwa Tanzania lini, wala hazionyeshi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na ndio wa kutazamwa kabla ya kulipa.

Mlango wa tatu ni barabara yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, inakataza kutumia barabarani chombo kibovu, na inalipa Jeshi la Polisi mamlaka ya kukagua vyombo na kukizuia kile kisichofaa mpaka kitengenezwe. Kwa vyombo vya biashara, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa leseni za usafirishaji na inaweza kudai chombo kiwe katika hali inayostahili.

Mlango huu wa tatu ndio unaopwaya. Kiwango cha moshi kwenye karatasi huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hupimwa kwa kifaa. Mahali ambapo kifaa hakipo, askari hutegemea macho yake. Macho huona moshi mweusi wa lori, lakini hayaoni kaboni monoksaidi wala chembe ndogo. Tena askari mmoja anapolinganisha breki mbovu na moshi, ni haki aanze na breki, kwa kuwa breki huua siku hiyo hiyo. Moshi huua polepole, na hakuna anayeandikiwa cheti cha kifo chenye jina la gari.

Kuusoma moshi kwa rangi yake

Kwa kuwa vipimo ni haba, elimu ya mwenye chombo ina uzito mkubwa. Mafundi wenye uzoefu huisoma injini kwa rangi ya moshi wake.

Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua. Sababu zake za kawaida ni kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi, nozeli mbovu, pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari lipate nguvu, au mzigo uliozidi uwezo wa injini. Katika barabara zenye vumbi kama za vijijini Mkula, kichujio huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Huashiria ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Chombo kinachoongezwa oili kila mara bila kuonekana kuvuja kinaipitisha oili hiyo kwenye bomba na kuwavutisha watu.

Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto mara nyingi ni maji yanayoingia ndani ya injini, hasa kwa sababu ya gasketi iliyoungua. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi hauna tatizo.

Jambo jingine ni masega, yaani kifaa chenye vitundu vingi kilichomo ndani ya ekzosi ya magari ya petroli na ya dizeli za kisasa. Kazi yake ni kuzigeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa, kwa msaada wa madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Thamani hiyo ndiyo huwafanya baadhi ya watu kuyang'oa na kuyauza, huku mwenye gari akiambiwa kwamba litakuwa jepesi. Gari lililong'olewa masega huenda lisionyeshe moshi wowote kwa macho, na bado likatoa sumu nyingi kuliko lilivyotengenezwa kutoa. Masega yakiziba, dawa ni kutibu sababu ya kuziba, kisha kuweka mengine.

Mzani wa riziki na afya

Ni rahisi kusema kwamba vyombo vyote vinavyotoa moshi viondolewe barabarani. Lakini Noah iliyochoka ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali usiku, na mchomoko wenye umri wa miaka ishirini ndio unaosomesha watoto wa mwenye nao. Udhibiti usiotazama riziki hukwepwa, na unaokwepwa haumlindi mtu.

Kwa bahati njema, katika suala hili maslahi ya mwenye chombo na ya mpita njia hayako mbali kama yanavyodhaniwa. Moshi mweusi ni dizeli iliyokwisha kulipiwa ikatupwa hewani. Kichujio kipya cha hewa, nozeli zilizosafishwa na oili iliyobadilishwa kwa wakati ni gharama ndogo kuliko injini iliyokufa katikati ya msimu. Vivyo hivyo kuzima injini chombo kinaposubiri abiria: kituo hupata hewa, na tangi hubakiza mafuta.

Onyo moja halina mjadala. Injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda, gereji au chumba kilichofungwa, iwe ya gari, pikipiki au jenereta. Kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyezidiwa nayo hupoteza fahamu kabla hajatambua hatari.

Wananchi wafanye nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira haikuuacha usimamizi mikononi mwa ofisi za mbali. Imeweka ngazi zake kuanzia kijiji na kata hadi halmashauri, zikiwamo Kamati za Mazingira za Vijiji na Afisa Mazingira wa Wilaya. Hivyo mwananchi mwenye malalamiko anaweza kufuata njia zifuatazo.

Kama tatizo ni la mahali, kwa mfano kituo cha magari kilichobanana na darasa, au mashine inayoelekeza bomba lake kwenye makazi, taarifa ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji na kwa Kamati ya Mazingira, kisha kwa Mtendaji wa Kata. Mambo ya namna hii mara nyingi humalizwa kwa kuhamisha maegesho au kurefusha bomba, bila kumfungia mtu kazi. Yakishindikana, yanafikishwa kwa Afisa Mazingira wa Wilaya. Halmashauri, kwa mamlaka iliyopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, inaweza pia kutunga sheria ndogo, na hoja ya sheria ndogo inaweza kuanzia katika mkutano mkuu wa kijiji.

Kama tatizo ni chombo fulani kinachotoa moshi uliokithiri, namba zake za usajili, siku, saa na mahali viandikwe na kutolewa taarifa kwa Kikosi cha Usalama Barabarani. Taarifa isiyo na namba ya chombo haiwezi kufuatiliwa.

Kama tatizo ni mafuta yanayoshukiwa kuchakachuliwa, mteja atunze risiti ya EFD inayoonyesha kituo, siku na kiasi, kisha awasilishe malalamiko EWURA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Mafuta yanayouzwa katika chupa kando ya barabara hayana risiti wala ukaguzi, na anayeyanunua hana pa kudai.

Kwa wazazi na walimu, ziko hatua ndogo zisizohitaji kibali cha mtu. Watoto watembee upande ambao upepo hautoi moshi kuwaelekea, wasisubiri usafiri nyuma ya gari linalonguruma, na miti ipandwe kati ya barabara na uwanja wa shule. Miti haiondoi moshi wote, lakini hupunguza vumbi na kuongeza umbali.

Petroli yenye risasi ilitoweka katika nchi hizi ndani ya miaka mitano tangu makubaliano ya Dakar. Ilitoweka kwa sababu ilidhibitiwa kwenye mlango mmoja, bandarini, bila kumsubiri dereva hata mmoja abadili tabia. Moshi uliobaki leo hautaondoka kwa njia hiyo peke yake, kwani unatokana na kichujio kisichobadilishwa, mzigo uliozidi, masega yaliyong'olewa na injini isiyozimwa kituoni. Mambo hayo hayako bandarini. Yako katika gereji, vituo na mikutano ya vijiji vya kata, mahali ambapo mwenye chombo na anayefunika pua kwa kanga hukaa benchi moja.